Chura Aliyejiita Mvuvi

Natupa!
— Vuta!
Natupa tena!
— Vuta tuone!
Natupa mara ya mwisho, na asiyetaka kusikia aende zake akalale.
— Tuko macho, vuta!

Basi hapo zamani, ziwa lilipokuwa bado halijaamua liishie wapi, paliishi chura mmoja jina lake Magoti, na mkewe Nyamizi. Walikaa kwenye dimbwi nyuma ya matete, karibu na ziwa, lakini si ziwani. Kwa nini si ziwani? Kwa sababu walikuwa na watoto. Viluwiluwi, mkia mtupu, miguu bado. Ukimpeleka kiluwiluwi ziwani umempelekea kambare kifungua kinywa. Kwa hiyo Nyamizi alitaga dimbwini, akakaa dimbwini, akawalinda watoto wake dimbwini.

Mwaka huo masika yalikatika mapema. Jua likawaka. Kila asubuhi Nyamizi aliingia majini kujipima. Siku moja maji yalimfika machoni. Kesho yake yakamfika kwapani. Kesho yake tena yakamfika tumboni, na watoto bado hawana hata kidole. Aliogopa. Nyie wenye watoto mnajua kuogopa kwa namna hiyo: huli, hulali, unayatazama maji kama vile ukiyatazama sana yatakuonea haya yaache kupungua.

"Mume wangu, maji yanaisha."

"Naona."

"Watoto hawana miguu."

"Naona."

"Sasa unafanyaje?"

Magoti akalia kroo, akalia kroo, akalia kroo. Ndicho alichokijua. Usicheke, wewe uliyekaa karibu na chungu. Wako wengi wa namna hiyo, na wengine wameoa.

Sasa, masika yanapoisha, ziwa huwa na siku mbili za neema. Maji ya mito yanaingia mazito, mekundu, na samaki wakubwa wa kilindini wanasogea karibu kula. Siku mbili tu. Baada ya hapo maji yanatulia, nao wanarudi walikotoka. Fisimaji alizijua siku hizo. Alikuwa na mtumbwi. Alikuwa na mshipi. Alikuwa na ndoano. Na mpiga kasia wake alikuwa Kenge, kiumbe asiye na maneno mengi, maana mdomo wake aliutunzia kazi nyingine. Kitu kimoja walikosa. Samaki wakubwa hawali kitu kilichokufa. Wanataka chambo hai, chambo kinachocheza, kinachorusha miguu. Fisimaji akaja dimbwini.

"Hodi, shemeji. Hodi, ndugu yangu Magoti. Nimesikia habari zako huko ziwani. Wanasema hakuna anayerusha miguu majini kama wewe."

"Wanasema?" Magoti akauliza. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumsema kwa jema.

"Ziwa zima. Nami natafuta mvuvi wa tatu."

Sikilizeni vizuri hapo. Hakusema chambo. Alisema mvuvi.

Nyamizi akasogea. "Na malipo?"

"Shemeji, mimi nina macho, naona hali yenu. Anipe siku mbili tu za kuvua. Nami nitachimba mfereji kutoka ziwani mpaka hapa, mlangoni naweka uzio wa matete. Maji yataingia, samaki hawataingia. Watoto wataota miguu kwa raha zao."

Moyo wa Nyamizi ukaruka. Mfereji, hicho ndicho alichokuwa akikiota usiku na mchana. Lakini hakuwa mjinga.

"Na kazi ya mume wangu mtumbwini ni ipi?"

"Kazi ya chini. Mimi nashika mshipi huku juu, yeye anaushika huku chini. Unafungwa kiunoni, basi."

"Ndoano inakaa wapi?"

"Nyuma yake kidogo. Haimgusi."

"Na samaki anatokea wapi?"

Kabla Fisimaji hajajibu, Magoti akaingilia. "Mke wangu, mambo ya uvuvi wewe huyajui."

Alikuwa mvuvi tangu lini huyo? Maji ya kunawa Fisimaji aliyokaribishwa nayo yalikuwa hayajakauka mikononi.

Siku ya kwanza, asubuhi, wakaingia ziwani. Magoti akafungwa mshipi kiunoni, akatupwa. Akarusha miguu, chapu chapu chapu. Kambare akaja, Fisimaji akavuta, kambare akanaswa, Magoti akatoka mzima. Wakamkalisha mbele ya mtumbwi. Wakamwita Bwana Mvuvi. Aliporudi nyumbani hakwenda kwanza kwa watoto. Alilizunguka dimbwi lote akiwaonyesha majirani alama ya mshipi kiunoni.

"Tumempata kambare," akasema.

"Nyie nani?" wakauliza.

"Sisi wavuvi."

Mchana wakaingia tena. Magoti akafungwa, akatupwa, akarusha miguu, chapu chapu chapu. Akaja kamongo. Fisimaji akavuta, ila hakuvuta mapema. Magoti akarudi nyumbani hana vidole vya mguu mmoja.

"Fisimaji alichelewa," Nyamizi akasema, huku akimfunga jani la yungiyungi kwenye kidonda.

"Hakuchelewa. Alikuwa anamngoja kamongo akae vizuri."

"Akae vizuri wapi? Juu yako?"

"Uvuvi una ajali zake, mke wangu. Wewe unaona vidole. Mimi naona kamongo mzima mzima."

"Kamongo kaliwa na nani?"

Chura hali kamongo, na hata angekuwa anakula hakuna aliyemkatia kipande. Magoti akageukia ukutani, kama dimbwi lingekuwa na ukuta, akalala na alama yake ya mshipi. Nyamizi akabaki akimtazama, na nawaambieni ukweli, hakumchukia. Alimhurumia mpaka ikawa kama hasira. Maji yalikuwa yameshuka tena, watoto wamejikusanya katikati penye kina, na huyu ndiye aliyekuwa amebeba mfereji wao kiunoni.

Siku ya pili asubuhi akamfuata kwa siri. Akakaa juu ya jani la yungiyungi, akautazama mtumbwi. Magoti akafungwa, akatupwa, akarusha miguu, chapu chapu chapu. Mshipi ukatikisika. Fisimaji akautazama, hakuvuta. Mshipi ukatikisika tena. Fisimaji akautazama, akajikuna kidevu, hakuvuta. Mshipi ukazama wote moja kwa moja. Hapo ndipo akavuta, Kenge akavuta, wakavuta pamoja, na sangara mkubwa karibu kama mtumbwi akapanda, mshipi umeingia kinywani mwake hadi ndani kabisa. Aliyekuwa kwenye ncha ya mshipi hakuonekana.

"Mkubwa huyu," Kenge akasema. Ndiyo maneno pekee aliyoyasema siku zile zote.

Wakampasulia ufukweni. Yaliyomo tumboni Kenge akayasukumia majini kwa mkia. Nyamizi akaruka mpaka mbele yao, akasimama.

"Nimekuja kuuliza mfereji wangu."

"Pole sana, shemeji," Fisimaji akasema, mikono imejaa mafuta. "Msiba ni wetu sote. Tumepoteza mvuvi hodari."

"Nimesikia. Mfereji."

"Tulikubaliana siku mbili, na wewe ulikuwepo. Marehemu kavua siku moja na asubuhi ya pili. Sasa ni mchana. Mimi napenda haki, shemeji. Siwezi kulipa kazi iliyobaki nusu."

"Kafia kwenye kazi yako."

"Ndiyo maana nimesema pole."

Nyamizi akamtazama usoni. Akatafuta aibu, hata kidogo, hakuiona.

"Imebaki safari moja tu," Fisimaji akaendelea kwa upole. "Akipatikana wa kuimalizia, jioni hii hii naanza kuchimba."

Kenge alikuwa anaitazama miguu ya Nyamizi.

Akarudi dimbwini. Maji yalikuwa hayamfiki hata tumboni. Watoto walilala ubavu kwenye tope, mikia inapigapiga polepole. Hakulia. Kulia kungefaa nini? Aliwavuta wote mpaka kwenye unyevu uliobaki, akawaambia watulie, akarudi ufukweni.

"Nifunge," akasema. "Ila usiniite mvuvi."

"Nikuite nani, basi?"

"Chambo. Ndicho ninachokwenda kuwa."

Majirani walikuwa wamejaa ukingoni kutazama, wakayasikia maneno hayo. Nao wakayashika.

Fisimaji alipomzungushia mshipi, Nyamizi akavuta pumzi. Akavuta, akavuta, akavuta, akavimba mpaka ngozi ikang'aa. Fisimaji akalikaza fundo juu ya tumbo lililojaa hewa, akaona limekaza, akaridhika. Akamtupa.

Chini kulikuwa kwekundu na giza. Alijua kwamba asiporusha miguu samaki hatakuja, na samaki asipokuja mfereji hauchimbwi. Akarusha miguu. Huyo ndiye chambo hai, ndugu zangu: mwenyewe anamwita wa kumla. Akaliona domo likija, pana, jeupe kwa ndani. Akangoja. Akangoja tena. Lilipokuwa juu yake kabisa akatoa pumzi yote, mshipi ukalegea, akaponyoka. Domo likafumba, likaibana ndoano. Likabana na mguu wake wa kushoto.

Mguu akauacha.

Aliibuka kabla ya samaki, akapanda mtumbwini kwa mikono, damu ikimtoka. Fisimaji akamgeukia.

"Umetokaje huko?"

"Chimba," Nyamizi akasema.

Akachimba. Msidhani moyo ulimlainika. Vyura wote walikuwa ukingoni wanatazama, na mwaka ujao angewahitaji. Akachimba mpaka maji yakaingia, akaweka uzio, akaondoka na samaki wake. Watoto wakaota miguu, ya nyuma kwanza, kisha ya mbele, wakapoteza mikia, wakatoka nchi kavu. Wote wazima. Hakupotea hata mmoja.

Hapa mngetaka niishie, najua. Lakini watoto hukua, na wakishakua huuliza.

"Baba yetu alikuwa nani?" wakawauliza majirani.

"Alikuwa mvuvi," majirani wakajibu, maana ndivyo alivyokuwa amewaambia mwenyewe. "Kambare alimpata yeye. Kamongo alimpata yeye. Sangara mkubwa karibu kama mtumbwi alimpata yeye, na sangara huyo ndiye aliyemuua."

"Na mama?"

"Mama yenu alikuwa chambo. Tulimsikia kwa masikio yetu, alisema kwa kinywa chake."

Tangu siku hiyo wakaanza kumwonea haya. Alikuwa anatambaa upande upande, akiruka anaanguka, na wenzao walimcheka. Walipotembea naye walibaki nyuma kidogo. Wakipita kwenye mfereji walinyoosha mikono na kusema, mfereji wa baba.

Masika mengine yakaja, yakaisha. Siku mbili za neema zikafika. Hodi ikapigwa.

"Hodi, wana wa mvuvi. Nimesikia habari zenu huko ziwani."

Nyamizi akajikokota mpaka mbele ya watoto wake. Akawaambia huyu ndiye aliyemfanya baba yenu chakula cha samaki. Akawaambia aliutazama mshipi ukitikisika asiuvute, nilikuwepo, niliona. Wakatazamana, wakatabasamu, kama wanavyotabasamu watoto mzee anapopotewa na maneno. Mara ya tatu hakuwakataza tena. Aliona kwamba wameshakwenda, imebaki kuinuka tu.

"Basi vimbeni," akawaomba. "Akiwafunga, vuteni pumzi mvimbe. Domo likifika, toeni pumzi, mtaponyoka. Hilo tu, wanangu. Hilo tu nawaomba."

Mkubwa wao, binti mwenye miguu mirefu kuliko wote, akamjibu kwa upole, na upole huo ndio uliomuua mama yake. "Mama, baba hakuponyoka. Wewe ndiye uliyeponyoka. Sisi tunakwenda kuvua."

Wakaruka mbele ya mama yao, wote, kwa ile miguu aliyoinunua kwa mguu wake. Wakagombania nani akae mbele mtumbwini. Kenge akawasogezea nafasi.

Nyamizi alifika ufukweni mtumbwi umeshaanza kuelea. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja. Walikuwa wanaimba, hawakusikia. Fisimaji peke yake ndiye aliyegeuka. Alikuwa anawafunga mshipi, anaipima kwa mkono ile miguu, anatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Umewalea vizuri, shemeji," akasema. "Wanarusha miguu kama wewe."

Mtumbwi umekwenda, na mimi maneno yangu yamekwenda nao. Mwenye kutaka kulia alie taratibu, kuna watoto wamelala.
— Tumesikia.
Mliosikia, inukeni.
— Tunainuka, na ganzi miguuni.