Buku na Kapu la Ghorofa

Jamani, mpo?
Tupo.
Mmekaa vizuri?
Tumekaa.
Basi nipeni masikio, midomo bakini nayo.
Chukua.

Hapo kale palikuwa na mto mpana, na mtoni palikuwa na Kiboko. Wanyama wa upande huu walipowapelekea mbegu ndugu zao wa upande ule, mzigo ulivuka mgongoni mwake. Na ili mzigo usichezewe njiani, walikuwa na desturi. Mwenye mbegu alijaza kapu laini la ukindu, kila mbegu tabaka lake, akabandika udongo mbichi ubavuni, akaubandua. Udongo ulikauka na alama za vilivyomo: hapa vijidoa vya mtama, hapa vishimo vya kunde, hapa mabonde ya njugu mawe. Huo ndio muhuri. Korongo aliuchukua mdomoni akaruka nao mbele. Kapu likifika, muhuri ulirudishwa ubavuni. Ukikaa, mali ipite. Ukikataa, mali imechezewa, na mali iliyochezewa ni ya Kiboko.

Sasa, Kiboko hakuiba hata punje. Kiboko alitikisa tu. Katikati ya mto, tikita-tikita, tikita-tikita. Mtama ukaingia kwenye njugu, njugu zikaingia kwenye kunde. Mbegu ni zilezile, ila zimehama. Digidigi alipeleka kapu, muhuri ukakataa. Kanga alipeleka kapu, muhuri ukakataa. Kiboko akala, akashukuru, akalala. Tusimseme sana, tumbo la ukubwa ule nalo ni mzigo.

Ng'ambo ile alikaa dada yake Buku, panya yule mwenye mifuko mashavuni. Shamba la dada lilikuwa limelimwa, mawingu yameshuka, na ghalani hamna cha kupanda. Kapu la kwanza la Buku lilikwisha kuliwa. Mbegu alizobaki nazo zilitosha kapu moja tu. Hilo nalo likiliwa, mvua itanyesha juu ya shamba tupu.

Buku akakaa na chekeche yake, akichekecha mtama na kufikiri. Alipotikisa, vidogo vilishuka, vikubwa vilibaki juu. Akatikisa tena: vidogo chini, vikubwa juu. Akacheka peke yake mpaka mashavu yakatetemeka.

Akasuka kapu la ghorofa. Sakafu ya juu ilikuwa na matundu ya kuzuia njugu tu. Sakafu ya kati ilikuwa na matundu ya kuzuia kunde. Chini hapakuwa na tundu. Akamwaga mbegu zote ovyo, akafunika, akatikisa mpaka kila mbegu ikapata chumba chake. Ndipo akabandika udongo, akampa Korongo muhuri, akashuka mtoni.

"Shikamoo, mjomba Kiboko."

"Marahaba, mwanangu. Naona kapu limenenepa kuliko wewe."

Buku akajifuta machozi ambayo hayakuwepo. Akaeleza kwamba mbegu zile amezipanga kwa taabu, na kwamba zikitikiswa kidogo tu, amekwisha.

"Mimi nitikise?" akasema Kiboko. "Na mgongo huu unavyoniuma?"

Wakaingia majini, Buku amekaa juu ya kifuniko. Katikati ya mto, tikita-tikita.

"Mjomba, usitikise."

"Ni mawimbi, mwanangu."

Tikita-tikita. Kiboko akalipindua kapu, mbegu zikakimbilia kifunikoni, chwaa. Buku akaning'inia ukingoni mwa kapu, roho mkononi. Kiboko akilifikisha hivyo, muhuri utakataa. Lakini akasema kwa sauti nyembamba, "Afadhali hivyo, mjomba. Usilisimamishe tu."

Kiboko akalisimamisha. Akatikisa kwa nguvu zake zote, hata kambare wakahama mtaa. Chwaa, mtama ukashuka chini. Chwaa, kunde zikashuka kati. Njugu zikabaki juu, zimetulia kama wageni waalikwa.

Ng'ambo, dada alikuwa ameshika muhuri. Kiboko alikuwa ameshafungua kinywa. Dada akabandika. Pwa. Ukakaa.

"Bandika tena," akasema Kiboko.

Pwa. Ukakaa.

"Haiwezekani," Kiboko akanung'unika. "Na nimelitikisa mwenyewe vizuri kabisa."

Ng'ambo yote ikaangua kicheko. Korongo alicheka mpaka akasahau kusimama kwa mguu mmoja.

"Ndiyo, mjomba," akasema Buku. "Usingelitikisa vizuri hivyo, tungeaibika."

Dada akampa Kiboko boga zima kwa kazi aliyoifanya. Kiboko akalila akiwa amenuna, kisha akasahau kununa. Jioni ile mbegu zikaingia ardhini, na mvua ikaja. Buku akasuka makapu mengine ya ghorofa, akampa Digidigi, akampa Kanga, akampa kila aliyetaka. Hata asiyejua kupanga alimwaga tu na kutikisa. Na Kiboko hakuacha mazoea yake. Kila kapu alilitikisa, na kila kapu lilifika limepangika.

Fundisho? Wanangu, akili ni kitu kidogo sana. Aliyezipanga zile mbegu mtoni ni Kiboko, kwa nguvu zake. Basi kuleni mnenepe, na kufikiri waachieni panya.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka amwachie jirani.