Vyungu vya Mize

Zamani hizo makumbi ya nazi yalifukiwa mlangoni. Kila mwanamke wa Kitopeni alikuwa na shimo lake la matope nyuma ya jiko, akiozesha humo makumbi yake ili asokote kamba bila kwenda mbali. Uvivu mtamu jamani. Na usubi, wale wadudu usiowaona mpaka wameshakuuma, walijaa majumbani hata watoto wakawa hawalali, ngozi zimewavimba kwa kujikuna.

Jumbe Mwinyi Kondo akakata shauri: usubi wanatoka mikokoni, basi mikoko ikatwe na ichomwe yote. Watu wakaanza kunoa mashoka.

Kijijini hapo alikuwapo mwanamke, jina lake Mize. Mumewe alishakufa, na wanawe waliishi kwa kaa na chaza wa mikokoni humo humo. Mikoko ikichomwa, watakula nini? Akaenda barazani, akapiga magoti.

"Jumbe, nashika miguu yako. Nipe hadi maji ya bamvua, bahari itakapojaa sana, nitafute usubi wanazaliwa wapi. Nikishindwa, shoka la kwanza nitalipiga mimi."

Jumbe akamkubalia. Mize akaazima vyungu vikuukuu kwa majirani, akavipaka mafuta ya nazi kwa ndani, akavifudikiza juu ya matope: mikokoni, kisimani, hata kwenye mashimo ya makumbi. Alijua mdudu akitoka topeni kuruka, mafuta yatamnasa. Wenzake walimcheka mpaka basi.

"Mize anapika tope. Mchuzi ukiiva, shoga, tuite."

Mize aliumeza uchungu, akaendelea kufudikiza vyungu.

Bamvua ilipofika alivipanga mbele ya baraza, akavifunua kimoja kimoja. Vya kisimani vilikuwa vitupu. Vya mikokoni vilikuwa na usubi wa kuhesabika. Lakini vya mashimo ya makumbi vilikuwa vyeusi tii, kama vimemwagiwa pilipili manga, na cheusi kuliko vyote kilitoka kwenye shimo la mke wa Jumbe mwenyewe.

Watu wote wakamgeukia Jumbe. Alikitazama chungu kile, akajikuna shingo, akaangua kicheko.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Wekeni mashoka, chukueni majembe. Mashimo yote yafukiwe leo."

Furaha ilimjaa Mize hata akapiga kigelegele kilichosikika ng'ambo ya mkono wa bahari, na wale wale waliomcheka wakakipokea.

Na tangu siku hiyo makumbi huozeshwa mbali, kule mikokoni, maji yanakopanda na kushuka. Usubi nao waliyafuata makumbi, wakahamia huko moja kwa moja. Ndiyo maana mikoko ya Kitopeni haiinuliwi shoka, kwani ndiyo inayowaweka usubi mbali na majumba, na ndiyo maana ukiingia humo kutafuta kaa watakuuma tu. Jikune, ule kaa wako.