Dakika za Seneta Barmasai

Isome taratibu, kisha mtumie rafiki mmoja anayependa kuongea na mwingine anayeogopa.

Palikuwa na seneta aliyeitwa Barmasai. Hakuna hoja iliyopita katika Seneti bila sauti yake. Iwe mvua, mihogo, kodi au mpira, yeye alisimama. Watu wa kwao walimwona kwenye runinga kila wiki, naye alipenda kuonekana.

Jirani yake ukumbini alikuwa Seneta Mbeyu, ambaye tangu achaguliwe hakuwa amechangia hata mara moja.

"Dada Mbeyu," Barmasai alimtania, "kipaza sauti chako kitaota kutu."

"Acha kiote. Siku nikikihitaji nitakipangusa."

Siku moja ikaletwa hoja ya kufunga zahanati ndogo, na ya Chemoril, kwao Barmasai, ilikuwa miongoni mwake. Mkunga wa pale, Mama Tapelgaa, alisafiri kutoka mbali akaketi kwenye roshani ya wageni, amsikie seneta wake akiitetea.

Barmasai aliitwa wa kwanza. Alimshukuru Spika. Akaipongeza timu ya voliboli ya kwao. Akamchokoza seneta wa upande wa pili, ukumbi ukaangua kicheko. Alipotamka tu, "Sasa, kuhusu Chemoril," dakika zake zikaisha: taa nyekundu ikawaka, kipaza sauti kikazimika.

Hakushtuka. Aliketi kidogo, akasimama tena.

"Mheshimiwa, keti," Spika alisema. "Kanuni unaijua. Kila seneta huchangia hoja mara moja tu."

Barmasai akaketi. Aliinua macho, akamwona mkunga amekunja mikono mapajani, angali akingoja.

Ndipo Mbeyu akasimama. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Bwana Spika, mvua ikinyesha, mto hukata barabara ya Chemoril. Mama mwenye uchungu hawezi kuvuka kwenda hospitali kubwa. Masika yaliyopita mto ulifurika, na watoto waliozaliwa siku zile walipokewa na mkunga wa zahanati hiyo. Wote wako hai. Tukiufunga mlango ule, wengine watazaliwa wapi? Naomba Chemoril iondolewe kwenye hoja hii. Nimemaliza."

Kura zikapigwa. Chemoril ikanusurika.

Walipotoka nje, Barmasai alimuuliza, "Umeyajuaje ya kwetu?"

"Asubuhi ulipokuwa ukiongea na wanahabari, mkunga wenu alikuwa amesimama mlangoni akikusubiri. Nikamtafutia kiti, nikamsikiliza."

Mama Tapelgaa akawafikia. Alimshika Mbeyu mikono yote miwili, akamshukuru. Kisha akamgeukia Barmasai, wala hakuwa na hasira.

"Mwanangu, umeongea vizuri, hata mimi nimecheka. Lakini nikifika nyumbani wataniuliza umesema nini kuhusu zahanati yetu. Niwaambie nini?"



Funzo: Ukipewa nafasi ya kuwasemea watu, wasikilize kwanza, kisha anza na lile linalowauma.