Daraja la Reli na Uso wa Lugwisha

Hapo zamani, lakini si zamani mno, kwa maana malori yalikuwepo na mipaka ilikuwepo, alikufa mtu aitwaye Lugwisha. Alifia nchi ya watu, alikokuwa akifanya kazi. Mama yake mzazi, Bi Holo, kipofu, alikuwa kwao ng'ambo ya mpaka. Akatuma neno moja tu: "Msimzike kabla sijamgusa uso."

Neno la mama ni zito. Mjane, Nyanzobe, akakodi lori la dereva Kibwana. Vikapakiwa vitanda, kabati na cherehani, maana mjane alikuwa anahama moja kwa moja. Kibwana akasema, "Jeneza tuliweke chini, dada yangu. Lori likizidi kimo litatusumbua huko tuendako."

Nyanzobe akakataa huku analia. "Mume wangu abebeshwe kabati kifuani? Mwekeni juu!"

Wakamweka juu ya vyote, wakamfunga kamba. Nani abishane na mfiwa?

Sasa, Kibwana alikuwa na mwiko wake: ukiwa ugenini na gari refu, hupiti chini ya kitu usichokijua kimo chake. Unauliza, unazunguka, unachelewa, unafika. Walivuka mpaka salama. Mbele wakakuta njia panda: kulia njia ndefu ya kuzunguka vilima, kushoto njia fupi ipitayo chini ya daraja la reli.

"Tuzunguke," akasema Kibwana. "Mwenda pole hajikwai."

"Tukizunguka tutafika kesho," akasema Masalu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa nao garini, naye alizaliwa upande huo wa mpaka. "Daraja lile nimelipita tangu utotoni, juu ya malori ya pamba, marobota yamerundikwa juu kuliko mzigo wetu huu. Mwenyeji ni mimi, kaka."

Jua lilikuwa kali, na Nyanzobe alikwisha kuisikia harufu ambayo hakuna aliyetaka kuitaja. Akasema, "Kaka Kibwana, mama anangoja. Tupite hapo hapo."

Kibwana akakata usukani kushoto. Kibao cha kimo kilikuwa kimeliwa na kutu, hakisomeki. Tena, miaka ambayo Masalu hakuwepo, barabara ile ilikuwa imemwagwa lami juu ya lami, hata ikalisogelea daraja. Masalu hakuyajua hayo. Kibwana hakushuka kutazama.

Chuma kiligonga mbao. Jeneza likapasuka upande wa kichwa.

Nyanzobe alipanda juu mwenyewe. Akaona. Akavua khanga yake ya mabegani, akafunika, akashuka, na hakusema alichokiona. Ndipo wakaanza kurushiana lawama.

Kibwana akasema, "Nilisema jeneza likae chini, nikakataliwa. Nilisema tuzunguke, nikakataliwa. Kosa si langu."

Masalu akasema, "Nilisema kweli niliyoijua. Usukani haukuwa mkononi mwangu. Dereva gani hashuki kutazama? Kosa si langu."

Nyanzobe akasema, "Nilimpa mume wangu heshima yake, na mama yake nikamhurumia. Ninyi wanaume wawili, mmoja anajua magari, mmoja anajua njia. Kosa si langu." Alisema hivyo, lakini moyoni alijichukia.

Lori likarudi nyuma, likazunguka vilima, hatimaye likafika. Ua ulijaa watu. Vilio vikanyamaza, Bi Holo akaja akipapasa hewa kwa mkono wake mkavu.

"Amefika? Poleni na safari, wanangu. Nipelekeni. Uso ule nimeuosha mimi tangu akiwa mchanga. Nimguse tu, kisha mkamzike."

Kibwana akamtazama Masalu: huyu ni mama yako, sema wewe. Masalu akamtazama Nyanzobe: wewe ndiye uliyeona, sema wewe. Nyanzobe akamtazama Kibwana: gari ni lako, sema wewe.

"Mbona kimya?" akauliza mama. "Nishikeni mkono basi."

Mkono ukabaki hewani.

Haya, ninyi mlioketi hapa na masikio yenu mazima, msiniangalie mimi. Masalu ni damu yake. Kibwana ndiye aliyekata usukani. Nyanzobe ndiye aliyemweka juu, tena ndiye pekee ajuaye kilicho chini ya khanga. Je, nani alistahili kuupokea mkono ule? Na akishaupokea, aupeleke wapi?