Kwa Nini Mize Huitwa Kila Jioni

Nyinyi mnaokuja hapa na mikeka yenu na mabirika ya kahawa, mkajinyoosha baina ya makaburi kama mko uani kwenu, jueni kwamba zamani hizo mahali hapa palikuwa pori. Mtu akizikwa, amezikwa. Watu waliondoka bila kugeuka nyuma, wakaiachia miiba kaburi.

Ndipo ndui ikaingia mjini. Ilimchukua Mize, mtoto wa pekee wa Bi Mwanaheri, mtoto mwoga ambaye hata kisimani hakwenda bila kushikwa mkono. Na kwa kuwa wanawake hawafuati jeneza, Bi Mwanaheri alibaki nyumbani akilia, huku wanaume wakizika maiti wengi kwa haraka, bila kuweka alama.

Alipopata nguvu za kutembea, alimwendea Vuai, mchimba makaburi.

"Kaka yangu, nionyeshe alipolala mwanangu."

Vuai aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Siku ile tulizika mpaka mikono ikafa ganzi. Yumo humu, lakini wapi, sijui."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Mwanaheri hakujua hata apige magoti wapi. Basi akalifyeka pori lote, akapanda mirehani na asumini juu ya kila kaburi, ili la mwanawe lisikose. Kisha akawaita watoto wa mtaa wacheze humo, akawagawia visheti, maana Mize aliogopa kukaa peke yake. Wazazi walinung'unika, baadaye wakawafuata watoto wao, wakanogewa na kivuli. Hivyo ndivyo makaburi yalivyogeuka bustani.

Lakini msidhani moyo wake ulipoa. Jua likizama, kina mama walipowaita watoto warudi nyumbani, naye alisimama langoni akaita, "Mize! Mize, twende nyumbani, mwanangu!" Akasubiri. Halafu akaondoka peke yake. Aliita hivyo mpaka akazeeka, mpaka akafa, wala hakufarijika hata siku moja.

Jioni ya siku aliyozikwa, kina mama waliwakusanya watoto wao kama kawaida. Langoni palikuwa kimya. Mmoja wao alishindwa kuvumilia, akageuka, akaita, "Mize!"

Na tangu siku hiyo, mama yeyote anayewakusanya wanawe katika bustani hii huita jina moja zaidi. Watoto husimama, wakatazama nyuma kwenye mirehani. Mize haji.