Ruhusa ya Kupiga Mluzi

Hapo zamani za kale, paka alipokuwa bado hajaonja raha ya kulala jikoni, palikuwa na mji wa wanyama wadogo juu ya kilima cha mawe. Mji huo uliitwa Majabali. Humo walikaa pimbi, digidigi, kanga na panya buku, kila mmoja na nyumba yake, na jiko lake, na wanawe.

Mkuu wa walinzi wa mji alikuwa Nguchiro. Mwili mdogo, mkia mrefu, macho yasiyojua kusinzia! Walinzi wake walisimama juu ya mawe, wakitazama huku, wakitazama kule. Mwewe akitokea, fyuuuu! Nyoka akitambaa, fyu-fyu-fyu! Hapo watoto wote hujitupa mapangoni, kimya kama maji ya mtungini.

Walinzi hao walilishwa na mji. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na kila mlinzi aliponawa mikono baada ya kula, alisema maneno ya kale: "Nimekula chunguni mwako, nitalinda mlangoni pako."

Sasa, bondeni alitawala Mfalme Kifaru, mfalme wa nyika nzima pamoja na vilima vyake. Hakuwa mbaya, watoto wangu. Alikuwa mkubwa tu, mwepesi wa hasira, na macho yake hayakuona mbali. Ndiyo maana alikaa na Shashi mgongoni, yule ndege anayekula kupe wake na kumpigia kelele hatari inapokuja.

Siku moja Waziri Fisi akamnong'oneza, "Mfalme wangu, kule Majabali wanapiga mluzi ovyo ovyo. Wamekuuliza wewe? Mji uko ndani ya nchi yako, lakini walinzi wake hawakujui!"

"Mmmh!" Kifaru akaguna. "Isije ikawa fujo. Tangazeni: mlinzi yeyote katika nchi yangu asitoe sauti mpaka apate ruhusa kwa Waziri."

Fisi akacheka, heh-heh-heh, akaenda kulala.

Kesho yake mlinzi kijana wa Majabali alimwona mwewe angani. Akafumbua kinywa. Akakumbuka amri. Akafumba kinywa, akateremka kilima mbio kwenda kuomba ruhusa!

Kitinda mimba wa Bi Pimbi alikuwa anaota jua. Mwewe akashuka, vuuuu! Nguchiro akaruka, akamkamata mtoto shingoni, wakabingirika wote chini ya mwamba. Mtoto alipona, lakini ukucha ulikuwa umemchana mgongo.

Bi Pimbi alilia huku akimfuta mwanawe damu. "Dada Nguchiro! Yule mlinzi wako jana kala kwangu. Kunde zangu za nazi! Kasema atalinda mlangoni pangu. Leo mlango wangu analinda nani? Fisi?"

Nguchiro akamsaidia kulifunga jeraha. Moyo ulimuuma kuliko goti lililochubuka.

Jioni yule mlinzi akarudi, anahema. "Waziri alikuwa amelala. Kasema nirudi kesho."

"Na mwewe naye tumwambie arudi kesho?" Nguchiro akauliza.

Usiku ule aliwaza. Kupigana na Kifaru? Thubutu! Akikohoa tu, mji unabomoka. Lakini palipokucha alikuwa anatabasamu. Akashuka bondeni, akamkuta Shashi anakunywa maji mtoni.

"Kaka Shashi, hujambo?"

"Sijambo, dada."

"Hivi wewe ni mlinzi, au ni pambo la mgongo?"

Shashi akavimba kifua. "Pambo? Mimi ni mlinzi! Mlinzi wa Mfalme mwenyewe!"

"Basi mbona unavunja amri? Imesema mlinzi yeyote. Jana nilikusikia unalia krii, krii! Ruhusa ulipata wapi?"

Shashi akakodoa macho. "Ala! Kweli bwana. Fisi akinisikia nimekwisha."

"Mimi simo," akasema Nguchiro. "Nakukumbusha tu."

Mchana jua lilipowaka, Kifaru akatafuta kivuli cha kulala. Mbele yake siafu walikuwa wanahama, weusi, wengi, wamejipanga kama kamba. Shashi akawaona. Akafumbua mdomo. Akafumba. Akaruka puruuu kwenda kwa Fisi.

Kifaru akajitupa chini, puu! Akashusha pumzi.

"Aaah... Aa? Ai! Yalaaa! Tumbo! Sikio! Nakufa!"

Alibingirika, akapiga mateke, akakimbia kuzunguka kichaka, akarudi palepale kwenye siafu, akapiga yowe upya. Alipotumbukia mtoni hatimaye, Shashi akarejea.

"Wewe! Ulikuwa wapi? Mbona hukulia?"

"Nilikwenda kuomba ruhusa, Mfalme. Waziri amelala. Kasema nirudi kesho."

"Kesho! Siafu wananila leo!"

"Ndiyo amri yako, Mfalme wangu," sauti ndogo ikasema. Nguchiro alikuwa ameketi juu ya jiwe, kavu, mtulivu. "Na sisi tuliitii. Mtoto wa Bi Pimbi ana jeraha mgongoni."

Kifaru akainua kichwa. Maji yakamchuruzika puani. "Mtoto? Wa umri gani?"

"Hajaota meno yote."

"Mimi nilitaka amani," Kifaru akasema taratibu. "Nchi ni yangu."

"Ni yako, Mfalme. Nyika linda wewe, na adui mkubwa akija tutakuita. Lakini mwewe wa Majabali huonekana Majabali. Mlinzi wetu amtii aliyempakulia. Wewe hujampakulia chochote."

Kifaru akafikiri sana. Kisha akanguruma, "Basi! Walinzi wa Majabali watatumwa na Majabali. Askari wangu wataishia langoni, ila mji ukiwaita. Na Shashi alie anapotaka. Fisi yuko wapi?"

"Amelala," akasema Shashi.

"Kamwamsheni. Mlazeni pale nilipolala mimi."

Nguchiro alipanda kilima mbio, akiwapazia sauti walinzi kwamba amri imefutwa. Kabla hajafika langoni, kivuli kikapita juu ya mawe.

Fyuuuu!

Yule mlinzi kijana hakumtazama mtu yeyote. Watoto wakajitupa mapangoni, na wa kwanza kuingia alikuwa yule mwenye jeraha mgongoni.

Mlinzi wa mlango amsikie mwenye mlango.