Zuwena na Jini Aliyelifuata Jua

Habari za jini Khandasi, Zuwena alizisikia kwanza kwa mkunga wake Bi Mize, alipokuwa akikandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza katika mji wa Tamarani, zama za Sultani Maamuni bin Hilali, na jini huyo alikuwa mtumwa wa pete ya Sultani na mpeleka salamu zake pande zote za dunia.

"Hata Gharubu anafika?" akauliza Zuwena, kwani Gharubu ndiko alikozaliwa, na huko mama yake alikuwa mgonjwa wa kitandani, na kwa ada ya ukoo wao bibi mzaa mama ndiye humnyoa mtoto wa kwanza na kumpa jina, siku ya saba, kabla ya jua kuchwa. Na siku ya saba ilikuwa hiyo.

"Mwanangu, nilikuwa napiga soga tu! Mzazi hatoki nje, sembuse kupanda jini?"

Lakini Zuwena, aliyeona haya hata kumwita mchuuzi wa maziwa, alijitanda, akambeba mtoto, akaenda akapiga magoti mbele ya Sultani, na sauti yake ikawa ndogo hata wazee wa baraza wakaacha kutafuna tambuu ili wamsikie.

Sultani akaisugua pete. "Ewe Khandasi, Gharubu ni umbali gani?"

"Maulana, kwa msafara wa ngamia ni mwaka mzima. Kwa njia yangu ya angani, isiyozunguka mlima wala bahari, tukiondoka Adhuhuri hii tutafika wakati hapa inaadhiniwa Magharibi."

"Basi mchukue binti yangu huyu, na asidhurike hata unywele."

Wakapaa. Lakini mtoto akalia, na katika upepo ule hakuweza kunyonya, basi jini akatua mlimani, akaruka, akatua tena jangwani, na tena kisiwani.

"Bibi," akasema akihema, "nilihesabu mabawa yangu, sikumhesabu bwana mkubwa huyu na njaa yake."

Zuwena akalia. "Tumechelewa. Saa hizi kule Tamarani muadhini ameshashuka mnarani."

"Ameshashuka, kweli. Lakini inua uso utazame."

Akatazama, na jua lilikuwa bado juu, kwa kuwa walikuwa wakilifuata kule liendako, na kila walivyoruka ndivyo lilivyokawia kuzama.

"Tuendako," akasema jini, "watu hawajasali hata Alasiri."

Wakafika kungali kweupe. Mama yake Zuwena akaketishwa kwa mito, akashika wembe.

"Kichwa cha baba yake hiki! Wembe haujui uanzie wapi." Akamnyoa, akamwita Faraji, na usiku huo akaomba uji, naye alikuwa hajaomba chakula tangu mwezi uandame.

Asubuhi yake Zuwena alipanda darini huku akimshukuru Mola aliyeumba njia za ardhini na za angani, akamkuta Khandasi amelala fofofo, mabawa yamemwagika mpaka uani. Akatafuta cha kumfunika, asione ila shuka ya mtoto. Akaitandaza, ikatosha kidole kimoja tu. Naye akaketi kando ya kidole hicho, akamnyonyesha Faraji kimya kimya, asije akamwamsha.